Wenzake wa Kule

Baba yangu alipofariki, mume wangu hakutoa chozi hata moja. Alichimba kaburi pamoja na vijana wa mtaa, akabeba jeneza, akahakikisha waombolezaji wamepata chai, na muda wote macho makavu. Nikajisemea, haya, ndivyo walivyo wanaume. Halafu haukupita muda nikamkuta sebuleni kwetu Buswelu, Jumapili mchana, analia kwa ajili ya katuni. Katuni, jamani! Mwanaume mwenye ndevu zake, fundi wa kuchomelea anayenyanyua mageti ya chuma, amekaa kwenye kochi anafuta kamasi kwa mkono wa shati.

Na hakuwa peke yake. Kulia kwake kulikuwa na mwanaume, kushoto mwanaume, na wote watatu walikuwa wanalia. Mimi nimesimama mlangoni na sinia la chai. Waliponiona, mmoja akasimamisha picha, mwingine akajifanya anapiga chafya, na mume wangu akasema, "Weka hapo tu, mke wangu." Weka hapo tu! Niliweka, nikarudi jikoni, nikasugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata.

Niseme mapema ili tuelewane: mimi nina wivu. Sikuupata ukubwani, nimezaliwa nao. Shule ya msingi rafiki yangu akihama dawati kwenda kukaa na mwingine, nilikuwa namnunia mpaka mama yake anakuja nyumbani kuuliza kuna nini. Kwa hiyo nilipoolewa nilijiandaa. Nilijua kuna wateja watakaokuja kupima madirisha huku wamejipaka manukato, na kila mmoja nilikuwa na jibu lake. Ambacho sikujiandaa nacho ni kuwaonea wivu wanaume wawili na mkanda wa katuni.

Hao wawili ni wenzake wa kule. Kule ni kule tu, ndivyo wanavyopaita wao na ndivyo nitakavyopaita mimi. Ni mahali wanapofungiwa watoto waliovunja sheria, katika mkoa ambao sitautaja. Aliniambia mwenyewe kabla hajaleta barua ya posa. Tulikuwa tumekaa juu ya mawe, ziwa liko miguuni, tunakula sato wa kukaanga, akasema, "Nikiwa mvulana niliiba betri ya gari nikafungwa. Ukitaka kuondoka, ondoka sasa." Nikamwambia, samaki wangu sijamaliza, niondoke niende wapi? Akacheka sana. Mimi nikadhani siku hiyo mlango umefunguliwa. Kumbe ndio ulikuwa umefungwa, maana tangu hapo kila nilipouliza alisema, "Ya kule yamebaki kule," na kwenda kutafuta kitu cha kufanya uani.

Ndugu zake walimkataa tangu siku alipokamatwa. Sina mama mkwe, sina wifi wa kuja kuonja mboga yangu akakunja uso. Mashoga zangu pale dukani ninaposhonea walikuwa wanasema, wewe mwenzetu umepata mwanaume mzima-mzima, hugawani na mtu. Na mimi nilikuwa nakanyaga cherehani huku nimeinua shingo. Nilijua mume wangu ni wangu kuanzia unyayo hadi utosi.

Basi wakaja hao. Mmoja mrefu, dereva wa lori, mpole, anainama kila anapopita mlango hata kama mlango ni mrefu kuliko yeye. Mwingine mfupi, fundi simu, ana mdomo. Huyo mfupi ndiye aliyeleta balaa. Kuna mteja alimwachia flashi iliyojaa katuni za Kijapani, zile za watoto wenye macho makubwa, na ndani yake kulikuwa na hiyo moja. Wavulana wanne wamefungwa gereza la watoto mlimani kwenye theluji, wanatengeneza viberiti kutwa, wanapigwa, wananyimwa chakula, wanagombana, mwisho wanakuwa kitu kimoja. Na ilikuwa imetafsiriwa na DJ wetu wa Kiswahili, anayeongea juu ya sauti zote na kumwita kila anayepigwa "dogo" na kila mlinzi "adui". Mfupi aliangalia kipande cha kwanza, akashindwa kufanya kazi siku hiyo. Akaanza kutafuta namba za watu. Akampata mrefu, wakampata mume wangu, na kuanzia hapo kila Jumapili baada ya kanisa sebule yangu ikawa ukumbi wao.

Ile siku ya kilio, kumbe katika katuni yule dogo mkubwa wao alikuwa amekufa. DJ alikuwa ametoka kutamba, "Msiogope wadau, stelingi hafi!" na stelingi akafa pale pale, kwenye theluji, na kiberiti mkononi. Mimi hayo nilikuja kuyajua baadaye. Siku ile nilichojua ni kwamba mume wangu ana machozi, na hajanipa mimi hata tone.

Nilianza kuwasikiliza nikiwa jikoni. Si kwamba nilitega sikio, nyumba yenyewe ni ndogo. Walikuwa wanaangalia kidogo, wanasimamisha, halafu mmoja anasema, "Kama ile siku ya mvua." Basi, neno hilo tu. Wote watatu wanacheka mpaka wanapiga makochi. Siku gani ya mvua? Mvua ilifanya nini? Nikiingia na karanga, kimya. Mrefu anasema, "Asante shemeji," mfupi anasema, "Shemeji leo umependeza," na mume wangu anaangalia karanga. Nikitoka tu, nasikia tena wanaanza kunong'ona. Niliolewa nikijua uke wenza ni jambo la wanawake, na sasa ninao wake wenza wawili, mmoja ana sharubu.

Nikaamua nami nitaijua hiyo katuni. Mume wangu akienda karakana, mimi nachukua flashi naenda nayo dukani, naichomeka kwenye televisheni ndogo, nakata vitambaa huku naangalia. Mashoga zangu walinicheka, eti mama mjamzito umerudi utoto. Ndiyo, nilikuwa na mimba, ya kwanza, na kipimo kilikuwa kimeonyesha ni dume. Sikuwajibu. Nilikuwa namtafuta mume wangu mle ndani. Nikiona mtoto anafungwa mnyororo, nasema, ndiyo maana hapendi kuvaa saa. Nikiona wanamwagiwa maji ya baridi, nasema, kumbe ndiyo maana anaoga haraka. Kila kitu nilikipatia maelezo, nikaona sasa mimi na hao wawili tuko sawa.

Jioni moja, tunakula, nikajitosa. "Kule," nikasema, "mlikuwa mnafungwa mnyororo wote kwa pamoja au mmoja mmoja?"

Mume wangu akaacha kutafuna. "Nani kakwambia kuna mnyororo?"

"Si nimeona kwenye katuni yenu."

Alicheka mpaka akasogeza sahani. "Kule hakukuwa na mnyororo, mke wangu. Kulikuwa na kunguni na uji." Halafu akanishika bega kwa upole, kama mtu anayemtuliza mtoto aliyeota ndoto, akaendelea kula. Kama angeishia hapo ningevumilia. Lakini Jumapili nikamsikia sebuleni anawasimulia wenzake, "Shemeji yenu kaniuliza habari za mnyororo," na wakacheka wote watatu. Nilichemka! Mambo yao ya kule hayatoki hata nusu kuja kwangu, ila langu mimi linakwenda kwao mbio.

Sasa niwaambie habari ya firigisi, maana hapo ndipo nilipojua wivu wangu ulikuwa umekosa shabaha.

Kwetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Mwanamke akichinja kuku na firigisi isionekane mezani, hiyo ni kesi, wazee wanaweza kuitwa. Tangu naolewa nilikuwa namwekea mume wangu firigisi juu kabisa ya bakuli, na tangu naolewa alikuwa anaisogeza upande wangu. "Kula wewe." Mara ya kwanza niliogopa hata kuitafuna. Baadaye nikajizoesha, nikaila kwa maringo. Dukani nilitangaza. Shoga yangu mmoja hakuamini, akasema hakuna mwanaume wa hivyo Kanda ya Ziwa nzima, nikamwalika aje kula ashuhudie kwa macho yake. Alishuhudia. Kwa muda mrefu wanawake wa pale wakigombana na waume zao walikuwa wanasema, na wewe ungenipa firigisi kama yule.

Jumapili hiyo niliwapikia kuku wa kienyeji. Nikaiweka firigisi upande wa mume wangu, nikakaa kwenye kigoda cha koridoni nipepete mchele, mlango uko wazi. Macho yao yote yako kwenye televisheni. Mume wangu akaichukua firigisi, akaiweka mbele ya mrefu. Mrefu bila kumtazama akaisogeza kwa mfupi. Mfupi akaisukuma ikarudi kwa mume wangu. Hakuna aliyesema neno, hakuna aliyeshangaa. Bakuli liliporudi jikoni, firigisi ilikuwa humo, nzima.

Mrefu alitoka uani kunawa. Nikamfuata na jagi. "Shemeji, kuku wangu ana kasoro gani?"

"Hana kasoro, shemeji. Mtamu sana."

"Mbona firigisi imerudi?"

Akatabasamu, anajipaka sabuni. "Ile ni sheria ya marehemu. Kipande kizuri hakiliwi na mwenye nguvu. Kinazungushwa, anakula anayeumwa siku hiyo, au aliyeamka vibaya. Wote tukiwa wazima, kinarudi jikoni."

"Marehemu yupi?"

Maji yaliendelea kumwagika, yeye hanawi tena. "Hajakwambia?" akasema. Halafu akajaribu kurekebisha mambo. "Lakini akikupa wewe, shemeji, maana yake anakuhesabu ni mmoja wetu." Alidhani amenituliza, maskini. Mimi nilibaki pale na jagi tupu. Miaka yote nimekula firigisi nikijiona malkia, kumbe nilikuwa natekeleza sheria ya mvulana aliyekufa, ambaye hata sikujua amewahi kuishi. Usilolijua ni kama usiku wa giza. Nilikuwa nawanunia wale wawili bure, wakati mwenye mume alikuwa mwingine kabisa.

Wageni walipoondoka nilimkalisha mume wangu chini. Sikuuliza kwa upole. Akaona leo hakuna pa kukimbilia, akasema. Kule walikuwa wanne. Wa nne ndiye aliyewafanya wawe wanne, kabla yake walikuwa wanaibiana uji. Alikufa kwa homa akiwa angali mvulana. Aliyasema hayo kwa sentensi fupi-fupi, anaangalia sakafu. Na kabla sijapata hata nafasi ya kumwonea huruma, akaongeza, "Nataka mtoto wetu aitwe jina lake."

Ebo! Nilisimama na tumbo langu. "Na baba yangu je?"

Maana tulikuwa na ahadi. Mume wangu hana ukoo unaomtambua, kwa hiyo tulikubaliana tangu mwanzo kwamba mtoto wa kwanza jina nitatoa mimi, na baba yangu alipofariki halikuwa tena jambo la kujadili. Baba yangu ndiye aliyempokea huyu mwanaume wakati wajomba zangu wanasema hatuwezi kumwozesha binti yetu kwa mfungwa. Ndiye aliyesema, alipokosa alikuwa mtoto, mwacheni aingie. Jina lake mimi nilikuwa nimeshaanza kumwitia mtoto tumboni, nikiwa peke yangu dukani.

"Baba yako ameacha watoto na wajukuu," mume wangu akasema. "Huyu ametuacha sisi watatu tu."

"Na mama yake je? Au huyo aliota kama uyoga?"

Akaangalia mlango wa uani. Nikajua nimegusa penyewe. Mama alikuwepo, anaishi Kisesa, hapo karibu kabisa, na katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga kwake. Nikabana hapo hapo. Nikamwambia jina haliibwi, linaombwa, hata kama hana ukoo hilo analijua. Jina la marehemu unaliendea kwa wenyewe, wakitoa wametoa, wakikataa umerudi nalo moyoni. Ukimpa mtoto jina la kuchukua kimya-kimya atalia mpaka watu wakuulize umefanya nini. "Nendeni mkaombe," nikasema. "Na mimi nakwenda." Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa na uhakika kwamba yule mama angewafukuza.

Mrefu aliazima pikapu, wakaniweka mbele kwa ajili ya tumbo, mume wangu na mfupi wakakaa nyuma kwenye bodi. Mfupi mwenye mdomo hakuongea mpaka tunafika. Mama tulimkuta nje ya nyumba yake, ameinama anageuza michembe ya viazi aliyoianika juu ya mwamba. Mwembamba, kilemba kimekaa sawasawa, mikono yenye nguvu. "Mwangaluka, mayu," mrefu akaanza, kwa kuwa ndiye Msukuma kati yao, na wengine tukafuatisha shikamoo. Akaitikia zote. Akawatazama wanaume wale watatu waliojipanga mbele yake na mikono nyuma, kama watoto wanaosubiri kukaguliwa kucha.

Mrefu akajieleza. Alipotaja kule, mama aliacha michembe. Alipotaja jina la kijana, alijifuta mikono kwenye khanga, polepole, kila kidole.

"Kumbe ndio nyie," akasema. "Nyie ndio 'wenzangu'."

Hatukuelewa. Akatukaribisha kwenye mkeka, akatuambia. Alikwenda kumwona mwanawe mara moja tu, nauli ilikuwa shida na safari ndefu. Alipika wali na sato usiku wa kuamkia safari, akafungasha kwenye hotipoti, akasafiri nao mapajani. Mwanawe alipoletwa wakakaa kwenye benchi, mama akafungua, akamwambia, kula mwanangu. "Hakula. Akasema, mama, nitakula na wenzangu. Nikamwambia, kula kidogo nikuone. Akasema, nitakula na wenzangu. Muda wote anaangalia mlango waliko. Saa zangu za kumwona hazijaisha, ameshasimama na hotipoti yangu mkononi. Mimi mama yake nimekaa pale, na yeye ana wenzake!"

Alisema "wenzake" kwa sauti niliyoijua. Ndiyo sauti ninayotumia mimi nikisugua sufuria. Miaka yote hiyo ameishi hapo Kisesa, analima, anaanika michembe, na bado anawaonea wivu watoto ambao hakuwahi kuwaona sura. Nilimtazama yule mama nikataka kumshika mkono, na papo hapo nikafurahi, maana niliona hawa hawapati kitu leo.

"Alikula?" akauliza ghafla. "Ule wali. Alikula, au mlikula nyie?"

Wanaume wakatazamana. Mfupi ndiye aliyejibu, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Alikula, mama. Alitaka kutugawia wote aishie kulamba mfuniko. Tukamlazimisha ale kichwa. Sato wako alikuwa na limau nyingi."

"Nilitia limau nyingi asiharibike njiani," mama akasema. Akatikisa kichwa kwa muda. Halafu akasema, "Siku ya mwisho, nani alikuwa naye?"

"Mimi, mama," mume wangu akasema. Kumbe wale wawili walikuwa wamepelekwa shambani siku ile, yeye akaachwa amwangalie mgonjwa. Nilikuwa silijui hilo. Nilikuwa sijui chochote.

Mama akamsogelea kwenye mkeka mpaka magoti yao yakakaribiana. "Aliniita?"

Mume wangu si mwepesi wa kujibu. Ukimuuliza umekula, anafikiri kwanza. Ukimuuliza unanipenda, unaweza kwenda kuanua nguo ukarudi ndipo akujibu, na atakujibu kweli. Safari hii mama hakuwa hata amefunga mdomo, yeye ameshajibu.

"Ndiyo, mama. Alikuita sana."

Mrefu akainamisha kichwa. Mfupi akalia waziwazi. Waliamini. Mama naye aliamini, nilimwona akiamini, mabega yakashuka kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Mimi peke yangu pale kwenye mkeka nilijua kwamba mume wangu ametoka kusema uongo.

Mama akaweka mkono wake juu ya goti la mume wangu. "Jina nawapa," akasema. "Kama aliniita, nawapa. Ila akizaliwa mniletee. Nitamwita mimi wa kwanza." Halafu akanigeukia mimi, ambaye mpaka wakati huo sikuwa nimesema zaidi ya shikamoo. "Na mwenye tumbo anasemaje? Jina likipingwa na mama halimkai mtoto."

Hapo sasa. Ilikuwa mkononi mwangu. Nilichohitaji ni kusema, mama, muulize tena, muulize polepole. Basi. Jina la baba yangu lingebaki kwangu, na yule marehemu angetoka mezani kwangu na kwenye nyumba yangu. Nilimtazama mume wangu. Wenzake walikuwa wamekaa mmoja huku na mwingine kule, lakini hakuwatazama wao. Alikuwa ananitazama mimi, na alikuwa anaogopa, kwa sababu alijua kwamba nimejua. Tangu nimfahamu hakuwahi kunihitaji hivyo.

"Nimekubali, mama," nikasema.

Alinishika tumbo kwa mikono yake miwili, akaliita jina la mwanawe, mara moja, kwa sauti ya kumwita mtu aliye shambani. Nililisikia likipita juu yangu. Nikajua pia kwamba tangu saa ile mtoto wangu ana bibi ambaye atanidai, na kwamba nimejitafutia mwenyewe mama mkwe.

Wale wawili walibaki nyuma wakimsaidia mama kuingiza michembe, maana wingu lilikuwa linatoka upande wa ziwa. Mimi na mume wangu tulitangulia kwenye kijia cha kwenda barabarani. Alikuwa anatembea pole kwa ajili yangu. Tulipofika kwenye kona, nyumba haionekani tena, akasimama.

"Hakumwita," akasema.

"Najua."

Akafikiri, kama kawaida yake. "Aliniita mimi. Kutwa nzima, jina langu tu. Nikimwambia nipo hapa, ananiita tena. Mama yake hakumtaja hata mara moja."

Machozi yakaanza kumshuka. Nikamuuliza, na sikuweza kujizuia, ndilo jambo la kwanza lililonitoka mdomoni, "Wenzako wanajua?"

"Hawajui. Sijawahi kumwambia mtu. Nimekwambia wewe."

Nyuma yetu mama wa watu alikuwa anafunga michembe yake akiwa ameshiba uongo, baba yangu amelala kaburini, jina lake halijapata wa kulibeba nyumbani kwangu, na mume wangu alikuwa ananililia mimi kwa mara ya kwanza. Na mimi, Mungu ananiona, nilifurahi. Nilifurahi kuliko siku niliyoolewa. Nikamfuta uso kwa upande wa khanga yangu, haraka, kabla wale wawili hawajatufikia.